Watoto wa Karani Hawajashiba

Dada Tabitha,

Shikamoo. Nimetanguliza salamu kwa sababu ulinikataza kuanza na shida, hata kama nyumba inaungua. Haya, nimeshasalimu. Marahaba yako sitaisubiri.

Watoto wa Karani, yule paka wako, wanakufa. Walikuwa wanne, amebaki mmoja, na huyo mmoja yuko hapa mapajani mwangu nimemfunika kanga yako ya kijani. Leo asubuhi amekataa kula. Ndiyo maana nimefunga duka mchana kweupe, wateja wanagonga mlango, nami nimeshika kalamu. Wewe ndiye uliyekuwa unajua paka katika familia hii. Mimi nilijua magunia. Ulisema mwenyewe mbele ya watu: "Ester mpe magunia mia, atakwambia lipi limepungua kilo. Paka niachieni mimi." Tukakuachia. Ukaondoka na ujuzi wako wote, hujanionyesha hata kijiko kinashikwaje.

Nina hasira na wewe, Dada. Na Yona nina hasira zaidi, lakini yeye naweza kumpigia simu.

Nikueleze ilivyokuwa, maana mengi yamefanyika ukiwa hupo.

Siku ile ulipoanguka uwani, ungo mkononi, alizeti haijaisha kupepetwa, Karani alikuwa ameshazaa ghalani, nyuma ya kihenge chako cha nafaka. Bila shaka ulikuwa umewaona. Sisi wengine hatukujua. Tulikuwa tunalia, tunapika, tunapokea watu waliotoka mpaka Mitundu. Matanga yanakaribia kuisha ndipo wanawake walipoingia ghalani kutafuta ungo, wakasikia sauti kama za vifaranga. Macho yalikuwa yamefunguka tayari. Walikuwa wanatembea kama walevi wa pombe ya mtama, hatua mbili wanaanguka, na Karani amelala ubavu akiwasubiri.

Halafu wakakaa kugawa vitu vyako. Hukuzaa, kwa hiyo kila mtu alijiona mtoto wako. Jembe kwa huyu, sufuria kwa yule, mbuzi, baiskeli, kitanda. Nilikaa kwenye kigoda kimya nikifuata hesabu kichwani, kama kawaida yangu, na mpaka hapo sikuona kosa. Ndipo kaka yetu Yona alipokohoa. Unakumbuka anavyokohoa akitaka kitu. Akasema, "Ghala hili limeshafungwa, huyu paka atakula nini hapa? Kule dukani kwangu Itigi panya wanacheza ngoma juu ya magunia. Mnipe mimi."

Nikasema, "Kaka, ananyonyesha."

Akacheka. "Ester na mafungu yake! Sasa hata paka unataka tumpime?"

Wazee nao wakacheka. Yule baba mdogo wetu wa Ikungi, ambaye hajawahi kufuga hata kuku, ndiye aliyekata shauri: "Yona achukue mama, Ester abaki na watoto. Mmegawana vizuri. Na tena wewe binti umepata wengi, wanne kwa mmoja." Wakapiga makofi. Dada, mimi nimeanza na debe moja la alizeti nililokopeshwa na wewe, leo nina duka la mbegu na mashudu lenye mlango wa chuma, na sijawahi kupigwa katika hesabu na mtu yeyote sokoni. Siku ile nilipigwa na wazee waliojua kuhesabu mpaka nne. Na nilinyamaza, kwa sababu ni wakubwa, na kwa sababu kaburi lako lilikuwa bado udongo mbichi.

Yona akamtia Karani kwenye gunia. Alipofika getini akalizungusha mara tatu, mkono juu, kama watu wetu wanavyofanya ili paka asijue njia ya kurudi. Karani alilia ndani ya gunia. Watoto ghalani wakajibu. Hakuna aliyegeuka.

Niliwabeba kwangu kwenye boksi la sabuni. Kwangu unakujua: kuna Tajiri, lile dume lenye shingo kama ya ng'ombe, na Meneja, jike lisilozaa, anayelala juu ya kaunta na kuwakodolea macho wateja. Meneja aliwanusa, akafura manyoya, akawatemea mate. Tajiri hakuwajali. Nikafurahi kwamba Tajiri ni mpole. Ningejua.

Jambo la kwanza nililofanya ni kuwapandisha kwenye mizani ya dukani, ile ninayopimia maharage. Najua ungenicheka. Lakini nilikumbuka neno lako: "Mtoto wa paka akizidi nusu kilo hafi hovyo." Basi nikajiwekea shabaha. Mweusi alikuwa na gramu mia tatu na kumi. Wa kijivu mia mbili tisini na tano. Yule wa madoa mia mbili na themanini. Wa mwisho, kajike kenye sikio moja jeupe, alitulia juu ya sahani ya mizani namba ikasimama kwenye mia mbili na hamsini, kamili. Nikampa jina la Robo. Wengine sikuwapa majina, nilingoja wafike nusu kilo kwanza. Hawakufika.

Mweusi nilimuua kwa upendo, sina namna nyingine ya kulisema. Nilimpakata chali, kichwa kwenye kiwiko, kama ulivyonifundisha kumnywesha mwanangu Neema alipokuwa mchanga, nikamtilia maziwa kwa kijiko. Alikohoa. Nikadhani ni uroho. Mama Rehema, jirani yangu anayefuga mbuzi, akachungulia juu ya ua na kupiga ukelele: "Wee Mama Mashudu! Huyo si mtoto wa kliniki! Mgeuze, alale tumbo chini, ainue shingo mwenyewe kama anayenyonya. Hivyo unamjaza mapafu!" Nikamgeuza. Povu lilikuwa limeshatoka puani. Alihema vibaya tangu hapo, hakumaliza hata siku mbili.

Wa madoa aliondoka kwa mafuta. Hapa utanisuta, na una haki. Sisi watu wa Singida tukiona kitu kimekonda tunafikiri dawa ni alizeti. Mtoto anakohoa, mafuta ya alizeti. Ngozi imepauka, alizeti. Kuku amezubaa, alizeti. Nami ninayeuza mbegu zake na mashudu yake, niwanyime? Nilichanganya kijiko cha mafuta kwenye maziwa ya ng'ombe, mafuta mazuri, ya kukamua kwa mkamuzi wangu mwenyewe, nikasema sasa watanenepa. Walihara wote. Wawili walistahimili. Wa madoa aliisha kama mshumaa, kila nikimweka kwenye mizani namba inashuka, mpaka nikaona ni afadhali nisiangalie. Mama Rehema akaja na kikombe cha maziwa ya mbuzi, akamimina yale yangu kwenye maua. Akasema, "Maziwa ya ng'ombe ni ya ndama. Haya angalau ni mepesi. Vuguvugu, kidogo kidogo, mara nyingi. Na ukimaliza, mpanguse tumbo na matako kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, mama yao huwa anawalamba hapo ndipo wanajisaidia." Nilimwuliza amejuaje. Akanitazama kana kwamba nimeuliza jua linatokea wapi. "Si nilikuwa namwona Tabitha?"

Alikuwa anakuona, Dada. Jirani yangu alikuwa anakuona. Mimi nilikuwa nikija kwako kila Jumapili baada ya ibada, nakaa, nakunywa chai, nakueleza bei zimepandaje, na sikuona kitu.

Kwa hiyo wakabaki wawili, wa kijivu na Robo. Kwa maziwa ya mbuzi wakashika uhai. Kukawa na kipindi kizuri, kifupi. Wa kijivu akaanza kupigana na mkia wa Robo. Meno yalipojitokeza nikaanza kuwapa dagaa. Niliwachemsha bila chumvi, nikatoa vichwa, nikawatwanga, nikawalainisha kwa maziwa mpaka wakawa kama uji mzito. Nikaweka kwenye kisahani kando ya kabati, nikarudi dukani. Nikija, sahani safi. Naweka tena. Nikija, safi. Nilikuwa nikisimulia wateja, "Jamani, watoto wangu wanakula!"

Sahani tupu niliihesabu kuwa ni shibe. Mimi, ambaye nikiona gunia tupu nauliza kwanza nani amebeba!

Mizani ndiyo iliyonisema. Wa kijivu alikuwa amepanda mpaka mia tatu sitini, nikampima akawa mia tatu na thelathini. Nikadhani mizani imeharibika. Nikapima kilo ya maharage, sawasawa. Basi nikajificha nyuma ya mlango wa jikoni. Kisahani hakijapoa, Tajiri akaja taratibu, hana haraka wala aibu, akaketi kwa ukubwa wake wote katikati ya sahani na watoto, akala. Hakuwauma wala kuwafukuza. Mgongo wake tu ulitosha. Wa kijivu akazunguka upande wa pili, Meneja yuko huko. Walipomaliza, wale wawili wadogo wakaja kulamba harufu.

Nilimpiga Tajiri kwa kandambili mpaka Mama Rehema akaja kuuliza kuna mwizi. Nikamweleza. Akasema, "Mpige tu, lakini kesho atarudi, yeye ana njaa hana ubaya. Lile tenga la Tabitha liko wapi?"

Tenga gani?

"Lile la kuku. Lenye tundu."

Dada, nilikaa chini palepale.

Nililiona tenga lile. Lilikuwa limefunikwa chini karibu na kihenge, fito zimekatwa upande mmoja, tundu la kupita ngumi tu, na jiwe juu yake. Wakati wa matanga kuni zilipopungua Yona alilinyanyua kwa mkono mmoja: "Tenga bovu hili la nini? Kuku gani atakaa humu?" Akalivunja kwa goti, likaingia chini ya sufuria ya chai. Tulikunywa chai ile. Hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba tundu lile lilikatwa, halikuliwa na mchwa. Ulikuwa mlango. Mdogo anapita, mkubwa anabaki nje akinusa. Jiwe la juu, ili dume lisipindue.

Na hapo ndipo nilipokumbuka kitu ambacho nilikuwa nakiona kila Jumapili na kukiita uzee. Ulikuwa unagonga mfuniko wa sufuria nyuma ya nyumba, paka wakubwa wote wanakimbilia huko, unawamiminia ugali na mchuzi wa dagaa, unasimama mpaka waanze kujilamba. Kisha unapita mbele yangu na kisahani chini ya kanga, unaingia ghalani, unafunga mlango. Niliwahi kukuuliza mbona unawabembeleza wale majambazi kwanza. Ukasema, "Mkubwa mwenye njaa hana adabu. Mshibishe, ndipo umwite mdogo." Nikacheka, nikarudi kwenye bei zangu.

Nilinunua tenga siku hiyohiyo. Nikakata tundu kwa kisu, nikapima kwa ngumi yangu. Nikawashibisha Tajiri na Meneja uani, nikasimama kama askari. Nikaweka kisahani ndani ya tenga. Robo aliingia. Wa kijivu aliweka kichwa kwenye tundu, akakiegemeza hapo, akalala. Hakuwa na nguvu ya kuingia. Nilimtoa, nikamlambisha kidoleni. Alilamba kidogo kwa heshima, kama mgeni asiyetaka kukuudhi. Kesho yake nilimchimbia shimo karibu na wenzake, chini ya ua wa Mama Rehema.

Niliona Yona anapaswa kujua. Nikampigia. Sikusalimia, unisamehe. Nikamwambia watoto watatu wamekufa, amrudishe Karani hata kwa basi, nauli juu yangu, huenda bado ana tone la maziwa. Akasema, "Ester, paka mwenyewe hayupo. Nilimfunga kamba siku za mwanzo. Nilipomfungulia alitoka, akakaa pale relini akageuka huku na huku, akaondoka. Hakukamata hata panya mmoja."

Basi ndiyo hivyo. Karani wako anatembea mahali fulani kwenye vichaka vya Itigi akitafuta Iguguno. Mimi nimesafiri njia hiyo na magunia: Manyoni, Ikungi, Singida mjini, ndipo uje kwetu. Najua urefu wake. Namjua na yeye. Hatafika, na hataacha kuja.

Nilitaka kumtukana Yona. Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Akaniwahi, sauti imekuwa ndogo. Akasema, "Unajua Dada alikuwa ananituma chumvi? Kila tukitaka kula. Sinia likitua tu: Yona, kimbia kwa jirani ulete chumvi. Nakwenda, narudi, kumbe chumvi ilikuwepo nyumbani. Miaka yote ile nilidhani ananichukia."

Ndipo nilipokumbuka, Dada. Niliona mkono wangu ulivyokuwa mdogo kwenye sinia lile la bati, mlenda unateleza, na Yona akimega matonge kama ya mtu mzima. Na wewe umesimama juu yetu, wewe mwenyewe hujala, ukisema, "Haraka, Ester, kabla hajarudi." Nilijua kuwa mama alikufa nikiwa sijaota meno yote. Kila mtu aliniambia nilikuwa mwembamba mno, nisingepona. Sikuwahi kujiuliza nilipona kwa hesabu gani.

Yona alikuwa analia. Nikamwambia, "Kaka, kula basi." Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nikakata simu.

Nyumba yako nimeifunga kufuli. Panya wamelitoboa gunia la mbegu uliloliweka kwa ajili ya msimu ujao, nilikuta maganda tu sakafuni. Watu wanasema tuipangishe. Semeni, nawaambia, mimi sisikii. Kanisani nafasi yako kwenye benchi imeshakaliwa na mtu. Nakueleza kwa sababu ulipenda kujua kila kitu, na kwa sababu siku hizi jioni nikishafunga hesabu sina wa kumwambia imekaaje.

Sasa Robo. Juzi alifika mia nne na kumi. Jana mia nne na tano. Leo sijampima. Mara ya kwanza maishani naogopa namba. Dagaa wako ndani ya tenga, laini, bila chumvi wala mafuta. Maziwa ya mbuzi yapo kwenye kikombe, nimeyapasha tena na tena. Tajiri na Meneja wamelala uani matumbo juu, wameshiba kuliko mchungaji siku ya mavuno. Kila kitu nimekifanya kama ulivyokuwa unafanya wewe, na mkono wangu bado si wako. Nikimsogezea kidole chenye maziwa anageuza uso. Anapumua. Sikio jeupe linacheza mtu akigonga mlango wa duka.

Siahidi kwamba atapona. Niliahidi hivyo mara tatu nikazika mara tatu, na mtu wa biashara akishafilisika kwa neno moja halirudii. Ninachokuahidi nakiweza: maadamu anapumua, kisahani chake hakitaguswa na mkubwa yeyote, na mimi sitaondoka hapa nilipo kwenda kuuza hata debe moja. Wateja wagonge wachoke. Na akipona, mimi mwenyewe nitamfundisha Neema, nimkalishe chini, nimshikishe kijiko, asije akaniandikia mimi barua kama hii.

Lala, Dada. Umetumikia vya kutosha. Ila nina ombi moja, na ndilo lililoniketisha. Ukimwona kapaka kenye sikio moja jeupe kanakuja upande huo kakiyumbayumba, usikapokee. Najua mikono yako, najua utataka kukabeba. Kageuze. Kaambie karudi kwa Ester, chakula chake bado kipo.

Mdogo wako,
Ester